Shibe Yao Iko Kusini

Hotuba kwa manahodha wa boti za watalii, wavuvi na wanafunzi wa sekondari, pwani ya kusini ya Kenya, mwanzoni mwa msimu wa nyangumi

Assalaam alaykum. Wazee, shikamooni. Manahodha, wavuvi, kina mama wa soko la samaki, walimu, hamjambo. Na ninyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, njooni mbele, hotuba haiumi.

Mada niliyopewa ni ndege na mamalia wa bahari za barafu katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi. Najua yupo anayejiuliza hayo yamhusu nini mtu ambaye barafu anayoijua ni ya kuhifadhia samaki. Basi nianze na mnyama anayewalipia baadhi yenu karo za watoto. Kusi likishika, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hupita nje ya mwamba kuanzia Vanga hadi Watamu na kuendelea juu. Huja kuzaa, kunyonyesha na kutafutana. Hawaji kula. Jike mzima ana tani 25 hadi 30, na muda wote anaokaa katika maji yetu ya joto karibu haonji kitu. Ndama huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi, na maziwa anayonyonya yanatokana na mafuta ambayo mama yake aliyajaza mwilini katika Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika.

Kwa hiyo mtalii anapopiga kelele za furaha ndama akiruka, mwili ule anaoutazama umejengwa kwa chakula cha huko. Hilo ndilo nililokuja kusema: shibe ya nyangumi wetu iko kusini, na huko kukiwa na njaa, habari itatufikia hapa ikiwa imechelewa.

Kwamba wanaokuja kwetu si wageni wa kubahatisha, hilo limethibitishwa. Mwaka 2012 na 2013 watafiti waliwabandika nyangumi vifaa vya setilaiti huko Madagaska, na baadhi yao walipanda hadi pwani za Kenya na Somalia. Nyangumi unayemwona hapa wiki hii huenda wiki chache zilizopita alikuwa Madagaska, na kabla ya hapo alikuwa kwenye baridi.

Huko wanakula krili. Ukimshika mkononi utamwita uduvi, na hutakosea sana: mkubwa wake hafiki mbali zaidi ya sentimita 6, ana wekundu mwepesi, na huishi makundi mazito hata maji yakabadilika rangi. Nyangumi mmoja humeza tani nzima kwa siku, pengine zaidi. Pengwini wanamla, sili wanamla, ndege warukao wanamla, samaki wanamla. Mlolongo wa chakula wa kule ni mfupi mno: mwani, krili, kisha mnyama mkubwa. Ndiyo maana bahari ile hulisha viumbe wengi kiasi kile, na ndiyo maana krili wakipungua hakuna chakula cha pili cha kukimbilia.

Sasa, krili mchanga huupitisha msimu wa baridi chini ya barafu ya bahari. Nasema barafu ya bahari, yaani maji ya chumvi yenyewe yanayoganda kila mwaka na kuyeyuka, si ile ya nchi kavu ambayo ikiyeyuka hupandisha kina. Upande wa chini wa barafu hiyo huota mwani, na krili mdogo hukaa huko akiukwangua miezi ya giza mpaka jua lirudi. Kwetu mikoko ndiyo inayolea kamba wadogo. Barafu ya bahari ndiyo mikoko ya huko.

Na mikoko hiyo inakatwa. Septemba, baridi ya kusini inapokwisha, kwa kawaida barafu huwa imetanda zaidi ya kilomita za mraba milioni 18. Februari hubaki chini ya milioni 3. Kwa miaka mingi wataalamu walikuna vichwa, kwa sababu kaskazini, katika Aktiki, barafu ilipungua waziwazi hadi ikafika milioni 3.41 Septemba 2012, ilhali ya kusini ilikuwa ikiongezeka kidogo kidogo. Wapo waliotumia jambo hilo kudai kwamba habari yote ya joto ni uzushi. Halafu 2016 ya kusini nayo ikaporomoka. Februari 2023 ilifika milioni 1.79, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970. Baridi ya mwaka huo huo ikashindwa kuirudisha: kilele cha Septemba kilikuwa milioni 16.96, pungufu ya rekodi ya chini ya mwaka 1986 kwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1. Chukueni Tanzania nzima, bara na visiwani, muiondoe kwenye ramani. Bado hamjafikia pengo hilo.

Pengo la namna hiyo humfanya nini nyangumi? Kuna rasi ndefu ya Antaktika inayoelekea Amerika Kusini. Huko, kuanzia 2013 hadi 2020, watafiti walikuwa wakichukua vipande vidogo vya ngozi na mafuta kutoka kwa nyangumi wenye nundu na kupima homoni za mimba. Mwaka 2017, baada ya msimu wa krili wengi, majike 86 kati ya 100 walikuwa na mimba. Mwaka 2020, baada ya krili kuadimika, walikuwa 29. Nyangumi wale hawaji kwetu, huenda kuzaa upande wa Pasifiki, pwani za Kolombia na Ekuado. Lakini ni aina moja na wa kwetu, wanakula chakula kile kile, na matumbo yao yanafanya kazi namna moja.

Ukitaka wa karibu zaidi, nenda Afrika Kusini. Katika ghuba za Rasi ya Magharibi, kama pale Hermanus, huja kuzaa aina nyingine ya nyangumi, mnene, asiye na pezi mgongoni. Tangu 1979 wamekuwa wakihesabiwa kutoka angani mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyofichua jambo. Zamani jike alizaa kila baada ya miaka 3. Tangu karibu 2010 wengi wamekuwa wakichukua miaka 4 au 5. Mwaka 2016 mama wenye ndama waliohesabiwa walikuwa 55 tu. Mwaka 2018 wakaja 536 kwa mpigo, kama kwamba waliokosa miaka ya nyuma walisubiriana. Na walipolinganisha miili ya mama wa mwishoni mwa miaka ya 1980 na wa miaka hii ya karibuni, wa sasa wamekonda kwa karibu robo nzima. Ghuba ni zile zile, na utulivu wake ni ule ule. Wembamba wanakuja nao kutoka malishoni.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja hapa aliniambia: mwalimu, mbona nyangumi siku hizi ni wengi kuliko ujanani kwetu? Ni kweli, na sitaki mtoke hapa mkidhani nimekuja kutangaza msiba. Katika karne ya 20 nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Durban ilikuwa na kituo cha kuwachinja kuanzia 1908 hadi 1975. Waliobaki walikuwa wachache mno. Walilindwa 1963, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri. Mwaka 1979 Ushelisheli, nchi ya watu wachache kuliko mitaa kadhaa ya Mombasa, ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi hadi digrii 55 kusini, na ikakubaliwa. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura kusimamisha uvuvi wao wa biashara, ukasimama kuanzia 1986. Mwaka 1994 Bahari ya Kusini nayo ikawa hifadhi.

Wingi mnaouona leo, basi, ni wa walionusurika na chusa. Hautuambii kama wanakula vizuri. Idadi inaweza kupanda miaka mingi kwa sababu wawindaji wameondoka, huku kila mama mmoja mmoja akizidi kukonda, na siku mstari utakapogeuka kushuka tutasema hatukuona dalili.

Nije kwa ndege, ingawa pengwini televisheni imewachosha watu.

Yupo mkubwa kupita wote, wanayemwita kaisari. Yeye huzaa katikati ya baridi, juu ya barafu ya bahari, na dume hukaa na yai juu ya miguu yake zaidi ya miezi 2 bila kula. Vifaranga huhitaji barafu ishikilie mpaka Desemba hivi, wakati manyoya ya utotoni yanapopukutika na yale yasiyopenya maji yanapoota. Mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika mapema. Kati ya makundi 5 ya eneo lile, 4 yanaaminika kupoteza vifaranga wote. Hakuna aliyekuwapo kushuhudia. Ilionekana kwa setilaiti, ambayo kwa kweli haimtafuti pengwini, inatafuta kinyesi chake: doa la kahawia juu ya weupe. Doa likitoweka Novemba, vifaranga wamekwenda na maji.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha visiwa vya Crozet. Hivi ni vya Ufaransa, katika bahari yetu hii hii ya Hindi, zaidi ya kilomita 4,000 kusini ya hapa. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 1997: mvua ya El Niño, madaraja yaliyosombwa, barabara zilizokatika, kipindupindu kilichofuata. Upande wetu wa bahari ulikuwa umepata joto lisilo la kawaida. Mwaka huo huo, kusini, mambo yalikuwa yamevurugika pia. Pengwini mfalme wa Crozet hutegemea mpaka ambapo maji baridi ya Antaktika hukutana na maji ya vuguvugu, kwa sababu hapo ndipo samaki wadogo wa taa, wale wanaong'aa kilindini, hukusanyika. Mwaka 1997 mpaka ule ulisogea zaidi ya kilomita 100 kuelekea kusini. Mzazi aliyezoea kwenda na kurudi kwa umbali anaouweza ilimbidi aogelee mara mbili na kupiga mbizi kina zaidi, huku kifaranga akingoja ufukweni. Kundi lililokuwa likichunguzwa likapungua kwa thuluthi moja. Sisemi mvua yetu ndiyo iliyowasukuma. Nasema bahari haikuugua upande mmoja.

Na si kila habari ni ya hasara, jambo ambalo watu wa mazingira tunapenda kulificha. Albatrosi mkubwa, ndege mwenye mabawa ya mita 3 na zaidi, naye huzaa Crozet. Huyu ni nadra kupiga mabawa, hutandaza tu na kuubeba upepo, kama nahodha anayejua tanga lake. Pepo za magharibi za kule zimepata nguvu na kusogea kuelekea ncha kwa sababu ya mabadiliko haya ya hewa. Watafiti wa Kifaransa walipoangalia rekodi zao za miongo kadhaa, wakakuta ndege wanakwenda kasi zaidi, wanarudi kiotani mapema, wanafanikiwa kulea, na wameongezeka uzito wa kama kilo nzima. Pepo zikizidi kusogea kusini zitawaacha, lakini kwa sasa hali ya hewa imewafaa.

Kinachomwua albatrosi leo ni ndoano, na hapo ndipo sisi tunaingia. Meli kubwa za jodari hutega mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoano. Chambo kikiwa bado kinaelea nyuma ya meli, albatrosi hukidaka, ndoano ikamshika, uzito ukamvuta chini akazama. Majike wa Crozet hupenda kulisha kaskazini zaidi kuliko madume, kwenye maji ya vuguvugu, yaani kule kule zinakovua meli, kwa hiyo wao hufa zaidi. Ndege hawa hutaga yai moja tu, na hupumzika mwaka kati ya uzazi na uzazi. Jike mmoja akifa, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibika.

Juu ya hayo yote umeongezeka ugonjwa. Mafua makali ya ndege yalifika kisiwa cha South Georgia Oktoba 2023, na mwishoni mwa 2024 yakafika visiwa vya kusini mwa Bahari ya Hindi: Marion, Crozet na Kerguelen. Sili tembo wameumia vibaya zaidi: katika fukwe kubwa za South Georgia majike waliokuja kuzaa 2024 walikuwa karibu nusu tu ya wale wa 2022. Mnyama aliyekwisha kudhoofika kwa njaa hana akiba ya kupigania homa.

Sasa niseme mambo haya yanaamuliwa wapi, kwa sababu watu wengi hudhani hayaamuliwi popote.

Krili wanasimamiwa na tume inayokaa Hobart, Australia, chini ya mkataba uliotiwa saini 1980. Kutoka Afrika wanachama ni wawili, Afrika Kusini na Namibia. Kila uamuzi unahitaji wote wakubali, hivyo mmoja akikataa, hakuna. Kwa njia hiyo mwaka 2016 walifanikiwa kuitenga Bahari ya Ross huko Antaktika iwe hifadhi, kilomita za mraba milioni 1.55. Na kwa njia hiyo hiyo pendekezo la kuhifadhi maji ya Antaktika Mashariki, ambayo yako chini ya Bahari ya Hindi, limekwama zaidi ya miaka 10 kwa upinzani wa China na Urusi. Krili huvuliwa kwa ajili ya chakula cha samaki wa kufugwa na mafuta ya vidonge. Kiwango kilichowekwa upande wa Atlantiki ni tani 620,000 kwa mwaka, na zamani kulikuwa na kanuni ya kuutawanya uvuvi huo ili meli zisirundikane mahali pamoja. Kanuni hiyo iliisha 2024 bila makubaliano ya kuihuisha. Mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, kiwango chote kilijaa kabla ya msimu kwisha, na uvuvi ukafungwa Agosti. Kwa haki niseme meli hizo ziko Atlantiki, si malishoni mwa nyangumi wetu. Lakini barafu inapungua pande zote, na meli hufuata samaki walipo, hilo ninyi mnalijua kuliko mimi.

Huko Hobart hatuna kiti. Victoria, Ushelisheli, tunacho. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ina makao yake pale, na Kenya, Tanzania, Somalia, Msumbiji na Komoro ni wanachama. Kanuni yake ya 2012, iliyorekebishwa 2023, kimsingi inataka meli za mishipi mirefu zinazovua kusini ya digrii 25 zitumie angalau njia mbili kati ya tatu: kutega usiku ndege wanapotulia, kuufunga mshipi uzito ili uzame upesi, na kuburuta kamba zenye vitambaa vya kuwatisha. Ni kanuni nzuri. Shida ni nani anayetazama. Kiwango cha waangalizi kinachodaiwa na tume ni asilimia 5 tu ya shughuli za uvuvi. Viongozi wa vikundi vya wavuvi mlioko hapa, mnapoitwa kutoa maoni kabla ya ujumbe wetu kwenda kwenye mkutano wa jodari, kwa kawaida mnazungumzia mgawo wa samaki, na mna haki. Ongezeni sentensi moja: waangalizi waongezwe, au kamera zifungwe melini. Mwangalizi yule yule anayehesabu ndege ndiye anayehesabu jodari wanaoibwa.

Manahodha, kwenu nina ombi la kazi. Mama aliye na ndama hapa anaishi kwa akiba. Kila mnapomkimbiza akapiga mkia na kuzamia, mnamtumisha mafuta ambayo hawezi kuyarudisha mpaka afike Antaktika. Punguzeni mwendo mapema, mfuateni kwa ubavu, msimkate mbele, msipite kati yake na mtoto, na boti moja ikishafika nyingine zingoje. Mtalii akilalamika, mwambieni habari ya krili, atawaongezea bakshishi.

Baada ya hapo nilikaribisha maswali. Mengi yalikuwa ya bei za vibali, ambayo si yangu kujibu. Lakini msichana wa kidato cha tatu aliuliza swali ambalo nililiandika: mwaka fulani wakija wachache, tutajuaje kama ni barafu ya huko au ni boti zetu zimewafukuza?

Nilimjibu kwamba kwa kuhesabu nyangumi tu hatutajua. Itabidi tuhesabu mama wenye ndama kando, kila safari, na kuandika tarehe, mahali na hali ya mama, kama mgongo wake umejaa au umebonyea. Boti zikiwafukuza, watahama eneo moja na kuonekana kwingine, Shimoni wapungue na Watamu waongezeke. Ikiwa ni njaa, ndama watapungua kila mahali kwa pamoja, na mama watafika wamekonda. Picha ya chini ya mkia ni muhimu, kwa sababu madoa yake hayafanani kati ya nyangumi wawili, na ukimpata yule yule baada ya miaka unajua amechukua muda gani kuzaa tena. Afrika Kusini waliweza kujibu swali kama lake kwa sababu walianza kuhesabu 1979. Nahodha mmoja akasema ana daftari la safari zake zote, ila hajawahi kuandika ndama. Tukakubaliana msimu huu aongeze safu moja, na msichana yule na wenzake wawe wanapita bandarini kila Ijumaa jioni kuinakili.